Maneno ya Kisanduku cha Nne

Mtaani walimwita Mzee Katuni, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka ishirini na miwili, kila siku ya kazi, gazeti lilitoka na vibonzo vyake ukurasa wa nyuma, juu ya ratiba ya mechi: visanduku vinne, familia moja, baba, mama, bibi, watoto watatu na paka. Vibonzo hivyo viliitwa "Kwa Akina Sisi". Watu walikuwa wanalianza gazeti kwa nyuma kwa sababu yake. Daktari wa meno alivikata akavibandika ukutani, wagonjwa wacheke kabla hajawafungua midomo. Kinyozi wa pale kona alivisoma kwa sauti huku mteja ana povu kidevuni na wembe uko hewani, jambo ambalo si salama hata kidogo.

Kabla ya hapo alikuwa mchora mabango. Alichora vichwa vya wanawake kwenye mbao za saluni, viatu kwenye kuta za maduka ya viatu, na jino kubwa linalotabasamu kwa yule yule daktari. Mkono alikuwa nao, Mungu hakumnyima. Siku aliyopiga moyo konde akapeleka michoro yake gazetini, mhariri aliitazama kwa muda, akamwambia, "Unachora vizuri, bwana. Mikono ya watu wako ni mikono kweli. Tatizo lao, hawana la kusema."

Akarudi nyumbani uso umemshuka. Mkewe, ambaye ndiyo kwanza walikuwa na miezi saba ya ndoa, alikuwa sebuleni anashona sare za shule. Huyu fundi alikuwa na tabia moja: mguu ukiwa kwenye cherehani, mdomo nao uko kazini. Akaichukua karatasi akaitazama. Kisanduku cha kwanza, baba anatafuta kitu mezani. Cha pili, anatafuta chini ya kitanda. Cha tatu, anawafokea watoto. Cha nne, mama kasimama mlangoni, na puto la maneno juu ya kichwa chake halina hata herufi moja.

"Huyu mama anasema nini?"

"Bado sijajua."

"Si anasema tu! 'Kitu chako kikipotea, kimeibiwa. Changu kikipotea, mimi mzembe.'"

Wala hakusema kwa kuchekesha. Alisema huku anakata uzi kwa meno, kwa sababu asubuhi ile ile walikuwa wamegombana kuhusu mkasi. Mumewe akayaandika maneno yale kama yalivyo. Kesho yake mhariri alicheka mpaka akavua miwani.

"Umewaza mwenyewe?"

"Nimewaza mwenyewe."

Uongo wa maneno mawili tu, na wala hakuuona kuwa ni uongo. Mke ni wake, sebule ni yake. Maneno yaliyosemwa ndani ya sebule hiyo yatakuwa ya nani kama si yake? Wanaume wengi wamejenga nyumba nzima juu ya hesabu kama hiyo.

Tangu siku hiyo kazi ikapata mwendo wake. Alikaa kwenye meza ya chakula, mgongo ameupa cherehani, mbele yake rula, penseli, kalamu ya nibu na chupa ya wino. Alichora visanduku vitatu akavijazia maneno. Cha nne alikichora, ila puto akaliacha wazi. Kisha akasubiri. Hakuuliza. Hakuwahi kuuliza hata siku moja. Cherehani ilinguruma, mteja akaja kupimwa, jirani akaja kuazima pasi, na mkewe akawa anaongea nao, huku yeye masikio yote yako nyuma. "Mgeni akikwambia anakaa kidogo tu, mtandikie kitanda." Nibu ikachovywa winoni. "Baba watoto kafua soksi mbili, mtaa mzima umepewa taarifa." Nibu ikachovywa, ingawa hiyo ilimchoma kidogo. Kila Alhamisi, kabla hajazipeleka karatasi tano za wiki inayofuata, mkewe alizisoma, eti anakagua maandishi. Aliyaona maneno yake yamekaa pale na saini ya mumewe chini. Hakusema kitu zaidi ya, "Hapa umesahau nukta."

Watoto walikuwa wakizaliwa na kukua katikati ya hayo. Wawili waliolewa wakaondoka. Akabaki kitinda mimba, binti mtulivu, karani kwenye duka la kuchapa kadi. Alipokuwa mdogo alipenda kukaa mapajani mwa baba yake, naye akamfundisha kuchora mikono: anza na dole gumba, vidole vingine vitafuata vyenyewe kama watoto wanaomfuata mkubwa wao. Baadaye akawa mkubwa, mapaja yakawa madogo, na hakuna aliyefuatilia kama bado anachora.

Basi. Wivu ulianza siku ya hafla.

Gazeti liliadhimisha siku ya kuanzishwa kwake, likawaalika wasomaji wampigie kura mhusika wampendaye wa "Kwa Akina Sisi". Mama alishinda kwa mbali. Wa pili bibi. Wa tatu paka. Baba, ambaye Mzee Katuni alikuwa amempa pua yake mwenyewe kwa siri, alikuwa wa nne. Hilo alilimeza. Lakini kwenye ukumbi wenyewe, bwana mmoja mwenye tai alimshika mkono mkewe akamuuliza, "Kwa hiyo wewe ndiye Mama mwenyewe?" Naye akajibu, "Mimi ndiye ninayemfulia aliyemchora." Bwana yule akaangua kicheko, akawaita wenzake waje wasikie. Dakika kumi hazikupita mkewe akawa katikati ya duara la watu, hata huwezi kumwona, unasikia tu kicheko kinapasuka, kinatulia, kinapasuka tena.

Mzee Katuni alisimama karibu na spika, soda inapata moto mkononi. Alisubiri mtu aje amuulize kuhusu nibu, kuhusu wino, kuhusu jinsi anavyochora paka kwa mistari sita tu. Aliyekuja ni mhudumu, akauliza kama chupa imeisha.

Aliona wivu. Tusizunguke mbuyu. Haukuwa wivu wa mume anayeogopa kunyang'anywa mke. Huo ungekuwa na heshima yake. Ulikuwa wivu wa mtu aliyeishi miaka ishirini na miwili akila sifa, kisha siku moja akasoma jina kwenye bahasha akagundua barua zote zilikuwa za mtu wa chumba cha pili. Njia nzima ya kurudi hakusema neno, na mkewe, ambaye alikuwa amefurahi siku ile kama msichana, akadhani ni viatu vinambana.

Wiki iliyofuata, mkewe alipochukua karatasi za Alhamisi, alikuta mama wa kwenye visanduku amebeba begi, anapunga mkono.

"Nimesafiri?" aliuliza.

"Si wewe. Ni mhusika tu. Amekwenda kwa ndugu zake."

"Atarudi lini?"

"Tutaona. Nataka wamzoee na baba kidogo."

Mkewe alimtazama kisogo kile alichokizoea. Akaingiza uzi kwenye sindano, jicho moja kafumba. "Haya," alisema. "Safari njema kwake."

Na toka hapo akanyamaza. Hakununa, maana kununa kuna kelele zake. Alipika, alishona, aliuliza kama shati la bluu linahitaji kifungo. Ila mdomo ule wa kwenye cherehani ulifungwa. Wateja walipimwa kimyakimya. Mzee Katuni alichora visanduku vitatu, akasubiri cha nne, akasikia cherehani peke yake. Ikabidi ajaze mwenyewe. Alimfanya baba ateleze kwenye ganda la ndizi. Wiki iliyofuata baba akakalia kofia. Iliyofuata baba akateleza tena.

Barua zikamiminika gazetini: Mama yuko wapi? Mwezi wa pili mhariri alimwita. Huyu alikuwa yule yule wa mwanzo, sasa ana kipara na miwani minene zaidi.

"Mrudishe."

Akamrudisha. Mama akaingia na begi lake, akasimama mlangoni pale pale pa siku zote, na hakuwa na la kusema zaidi ya "Nimerudi!" na "Jamani!" Mhariri akamwita tena.

"Mzee wangu, Mama karudi, lakini karudi bubu. Umepatwa na nini? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Asipopata ulimi wake, ukurasa wa nyuma naweka chemsha bongo. Na hawa wenzetu wa barabara ya pili nao wamepata mtu. Hebu soma."

Akamsukumia gazeti la wapinzani. Vibonzo vipya, visanduku vitatu, vinaitwa "Chumba na Sebule". Mchoraji amejiandika "Jirani", basi. Mwanamke kalala, kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Mume anachungulia mlangoni. Kisanduku cha mwisho, mwanamke anamwambia mgeni aliyekuja kumjulia hali: "Mume wangu kanihurumia sana. Kila dakika kumi anakuja kuniuliza chumvi iko wapi."

Mzee Katuni alicheka. Kilimtoka kicheko cha tumboni, cha kwanza tangu siku ya hafla, mpaka akashika meza. Kisha kikakatika kama uzi. Mwaka uliopita mkewe alilala siku tatu na homa, na chumvi ilikuwa kwenye kopo lililoandikwa "kahawa", na aliyekuwa akienda na kurudi kuiulizia ni yeye.

"Hayo yamesemwa kwangu," aliwaza. Halafu likaja wazo baya zaidi. Kuna mtu ameambiwa. Mahali fulani mkewe amekaa na mtu, amemsimulia, mtu huyo amecheka, na mkewe amefurahi kuchekewa. Kwangu mimi ananyamaza, maneno anampelekea mwingine! Angekuta shati la mwanaume uvunguni, angejua la kufanya. Hili hata jina lake hakulijua.

Akawa ananunua gazeti la wapinzani kila asubuhi, analificha ndani ya shati kabla ya kuingia nyumbani kwake. "Mama mkwe hakosoi. Anauliza tu: 'Hivi ndivyo mnavyopenda kula?'" Hiyo ilikuwa sentensi ya mama yake mzazi, neno kwa neno. "Mtoto akikaa kimya dakika tano, usimsifu, mtafute." Hiyo pia ilitoka sebuleni kwake. Kila siku kitu chake kilikuwa barabarani, na watu wanakichekea, na kinyozi wa pale kona amehamia gazeti la pili bila hata kuona haya.

"Siku hizi unaongea na nani?" alimuuliza mkewe siku moja, akijifanya anachonga penseli.

"Na watu."

"Watu gani?"

"Wanaoniuliza."

Jibu hilo lilimkosesha raha siku nzima. Akaanza kuwakagua wateja. Wanaume waliokuja kwa fundi walikuwa watatu: mlinzi wa shule ambaye suruali zake huchanikia mahali pamoja, mstaafu mmoja wa kupunguziwa makoti kadiri alivyozidi kukonda, na muuza vifungo. Huyu wa tatu ndiye. Alikuja kila Jumanne na boksi lake, akakaa muda mrefu kuliko vifungo vinavyohitaji, akacheka kwa meno yote thelathini na mawili. Tena alinukia sabuni. Mwanaume anayezunguka juani kutwa anatoa wapi harufu ya sabuni?

Jumanne iliyofuata Mzee Katuni alimvizia mlangoni.

"Kaka, nina shughuli huko kwenu wiki ijayo. Nichoree njia nisipotee."

Muuza vifungo akaipokea penseli kwa moyo mmoja. Akachora barabara kama utumbo, akachora kitu chenye pembe nne akasema ndiyo nyumba.

"Nyumba haina mlango," alisema Mzee Katuni.

"Mlango uko nyuma."

Hakuna mchoraji duniani, hata akijificha vipi, anayeweza kuchora vibaya namna ile. Muuza vifungo alikuwa safi. Na badala ya kushukuru, Mzee Katuni akasikitika, maana muuza vifungo angeweza kufukuzwa, mambo yakaisha. Wahenga wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Yeye alikuwa anakung'uta nguo za majirani.

Siku nne kabla ya mwisho wa mwezi, kisanduku cha nne kikiwa bado tupu, alivaa koti lake la hafla akaenda kwa miguu mpaka barabara ya pili, kwenye ofisi za wapinzani. Mhariri wao alikuwa mwanamke wa makamo, nywele fupi, penseli sikioni. Alipomjua mgeni wake alisimama kabisa.

"Shikamoo mzee. Mimi nimekua nakusoma."

Maneno hayo yangemlainisha mtu mwingine. Yeye hata hakuketi. Akatoa magazeti ndani ya shati, akayapanga mezani, akasema mchoraji wao ni mwizi. Haya ya chumvi yamesemwa nyumbani kwangu. Haya ya mama mkwe, nyumbani kwangu. Mwanamke yule akafungua droo akatoa karatasi halisi za "Chumba na Sebule", ambazo wino wake unauona umepanda juu ya karatasi.

Mzee Katuni akainama. Mistari ilikuwa myepesi na michanga, haina woga. Ile ya kwake ilikuwa hivyo zamani. Na mikono! Dole gumba limewekwa kwanza, vidole vingine vimefuata. Aliitambua kama unavyoitambua sauti yako ikirudi kutoka mlimani. Mtu mwenye akili timamu, mtu ambaye kijicho hakijamla ubongo, angekaa chini pale pale akajiuliza ni nani duniani amewahi kufundishwa mikono ile. Yeye alipiga meza.

"Hata mikono ameiba!"

"Mzee, mchoraji wetu ameomba asitajwe. Lakini ukiandika malalamiko yako, nitalazimika kuchukua hatua."

Akaandika. "Maneno ya vibonzo hivi ni yangu, yamechukuliwa nyumbani kwangu bila idhini yangu. Hata mikono ya wahusika ni yangu." Akaweka saini ile inayojulikana na kila kinyozi. Mhariri aliisoma mara mbili, akasema saini hiyo hawezi kuipuuza, atasimamisha vibonzo mpaka mwenyewe ajieleze. Mzee Katuni alitoka akipiga mluzi. Barua ilikuwa mbaya, lakini mimi ule mluzi ndio unaoniudhi zaidi.

Siku ya pili yake, saa saba mchana, binti aliingia nyumbani, muda ambao siku zote huwa kazini. Hakumsalimia mtu. Akaweka nakala ya barua mezani, juu ya karatasi ya baba yake yenye visanduku vitatu vilivyojaa.

"Baba, hii saini ni yako?"

"Ni yangu. Umeitoa wapi?"

"Wameniita nijieleze."

"Wewe? Wakuite wewe kwa lipi?"

Baba yake akamtazama mkono, akaona ubavuni mwa kidole cha kati, pale nibu inapoegemea, wino uliokauka. Cherehani ilikuwa imesimama.

"Jirani ni wewe," alisema.

"Ni mimi. Jumatatu walikuwa wanipe kazi ya kudumu, Baba. Nilikuwa nije niwaambie na keki. Sasa mhariri ananitazama kama kibaka, ananiuliza nimeiba kwa nani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka watu wacheke kwanza, ndiyo wajue mimi ni mtoto wa nani." Akajifuta macho kwa kiganja. "Mikono ulinifundisha wewe, hilo sikatai. Nilidhani ulinipa."

Kuna maneno ambayo mtu akiambiwa hana pa kuyaweka. Mzee Katuni akafanya wafanyavyo watu waliobanwa: akamgeukia mkewe.

"Na wewe ukaenda kumpa maneno yangu!"

Mkewe aliinuka taratibu kutoka kwenye cherehani, pini za kushonea bado zimechomekwa kifuani mwa gauni lake.

"Maneno yako," alirudia. "Kwani ni wewe uliyelala na homa ukaulizwa chumvi?"

Mumewe akaanza kuinyoosha rula mezani.

"Miaka ishirini na miwili nimeongea na mgongo wako, baba watoto. Nikikupa kitu hujawahi kugeuka hata kusema 'aa'. Sikudai. Nilisema moyoni, ndiyo mapenzi yake, anachukua kimyakimya. Ukaona watu wamenichekea siku moja, siku moja tu, ukanifungia begi. Huyu mtoto alivuta kiti, akakaa mbele yangu, akaniuliza, 'Halafu, mama?' Basi. Ndiyo mwanaume wako huyo uliyekuwa unamtafuta." Akasita, macho yakamtoka. "Ndiyo maana ulimchoresha ramani yule kaka wa watu! Ulidhani muuza vifungo!"

Hata binti, na machozi yake, alishindwa kujizuia. Walicheka wote wawili, kicheko kibaya cha kuumia, na yeye akasimama nje yake kama alivyosimama karibu na spika.

"Sasa utaandika barua nyingine," mkewe alisema alipotulia.

"Niseme nini?"

"Hilo sikusaidii."

Akaketi. Kuanzia saa saba na nusu mpaka saa kumi na moja jioni aliandika, akachana, akaandika. Kwanza aliandika kwamba kumetokea kutoelewana kidogo. Akachana. Akaandika kwamba amemsamehe mchoraji. Hiyo aliichana haraka mwenyewe kwa aibu. Alijua vizuri kilichokuwa kwenye mizani. Wahariri wa mji mmoja hawafichani kitu. Akisema kweli, itafika kwa mhariri wake, na "Kwa Akina Sisi" imekwisha, na jina la Mzee Katuni litabaki la kuchekea. Akiacha kusema, binti yake ni mwizi. Ungedhani baba hahitaji saa tatu na nusu kuchagua hapo. Alizihitaji zote.

Barua ya mwisho ilikuwa fupi. "Nilidanganya. Maneno si yangu, na hayajawahi kuwa yangu. Ni ya mke wangu, fundi cherehani, hata yale ya 'Kwa Akina Sisi' tangu kibonzo cha kwanza. Mikono nilimfundisha mwanangu mwenyewe. Jirani hajaiba kitu."

Mkewe aliisoma. Hakutaja nukta. Akaikunja akamrudishia.

Kesho yake asubuhi aliipeleka barabara ya pili kwa mkono wake, akashuhudia mhariri wa kule akiinua simu kumwita binti. Kisha akaenda kwa mhariri wake na nakala, kwa sababu aliona bora aanguke kwa miguu yake kuliko kusukumwa. Mhariri aliisoma, akavua miwani, na safari hii hakuwa anacheka.

"Kwa hiyo miaka yote hii mimi nilikuwa nimeajiri sebule yako."

"Ndiyo, bosi."

Mhariri alipangusa miwani muda mrefu. "Mlete mkeo," alisema hatimaye. "Ndiyo. Mama aandike, jina lake liwe pale juu, watu wataugua kwa kucheka. Michoro isikusumbue, nitapata mtu. Wachoraji wapo tele."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anayezungumzia viti.

Mzee Katuni alibeba ujumbe huo njia nzima. Mbele ya duka la viatu kulikuwa na benchi, akakaa. Hakuna aliyesikia isipokuwa yeye na mhariri. Angeweza kufika nyumbani akasema mambo yamekwisha, wametufuta, akavua koti. Mkewe asingejua kamwe kwamba anaitwa. Alimwona akilini ameketi kwenye ofisi ile, watu wamemzunguka, jina lake juu ya ukurasa, na wivu ukampanda mpaka akalegeza shati. Alikaa pale muda ambao mtu angeweza kununua viatu, kuvirudisha na kununua vingine. Kisha akasimama akaenda kusema.

Aliwakuta wote wawili mezani. Binti alikuwa amerudishiwa nafasi yake, na kesho yake asubuhi walitaka karatasi. Alikuwa amekaa upande wenye mwanga, kwenye kiti cha baba yake, na mama yake ameiacha cherehani amevuta kiti mbele yake.

"Mhariri anakutaka," Mzee Katuni alisema, akiwa bado mlangoni. "Uandike, kwa jina lako. Mimi hanitaki tena. Ni wewe."

Mkewe alimtazama. Alijua ujumbe ule ulikuwa na uzito gani kuubeba. Uso wake ulilegea kidogo, kisha ukarudi ulivyokuwa.

"Mwambie ahsante, nina kazi. Naifanya na binti yangu."

"Na mimi je?"

Swali lilimponyoka kama la mtoto. Mkewe akaanza kuokota vipande vya uzi kwenye sketi yake. Binti akatazama karatasi nyeupe iliyokuwa mbele yake, akaitazama saa ya ukutani, akaisukuma karatasi pamoja na rula mpaka upande wa pili wa meza.

"Nipigie visanduku, Baba. Vitatu. Mimi vyangu hupinda."

Akavuta kiti. Akapima, akapiga mistari, penseli kwanza, wino baadaye, pembe kwa pembe, kama alivyopiga maelfu. Hakuna hata mmoja uliopinda. Upande wa pili mkewe alikuwa ameshaanza kuongea, anamsimulia binti jambo fulani la mlinzi wa shule na suruali zake, mikono inapaa hewani, na binti anauliza, "Halafu?" Mumewe alikuwa mbele yake sasa, anamwona mdomo, anaona jinsi macho yanavyobana kabla ya neno lenyewe kutoka. Hakuwahi kuliona hilo. Lilikuwa jambo zuri sana kulitazama, na halikuwa linasemwa kwake.

"Ahsante, Baba," binti alisema, akaivuta karatasi, akamgeukia tena mama yake.

Yeye alibaki pale pale na rula mkononi, akisubiri wampe karatasi nyingine.